Bibi, nimemchora shemeji yangu kuwa mhujumu

Bibi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Kigoma mjini. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi alfajiri, naanika, nafunga magunia, nasafirisha. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nilikaa nyumbani mikono mitupu. Ndipo nikarudia kitu nilichokipenda tangu shule ya msingi, kuchora. Nikanunua daftari kubwa na kalamu nyeusi, nikaanza hadithi ya katuni.

Stelingi wangu anaitwa Bi Radi. Ni mama muuza mawese wa Mwandiga aliyepigwa na radi akiwa na dumu kichwani, asife. Tangu siku hiyo akikunja ngumi umeme unatoka. Nikimaliza sehemu moja naipiga picha naituma kwenye makundi ya WhatsApp, na dada mmoja wa steshenari ananitolea kopi, nauza shilingi 500. Watoto wa Gungu wakiniona wananiita Baba Radi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuchora kungeniletea balaa.

Balaa limeletwa na sehemu ya saba. Nakutumia kopi yake pamoja na barua hii. Humo Bi Radi anaalikwa kwenye kituo cha siri cha utafiti kilichojengwa ndani ya ziwa, mita 600 kwenda chini, mlango wake uko pangoni upande wa Bangwe. Wataalamu wa pale wanatengeneza taa ya kuvulia dagaa isiyotumia mafuta wala betri, inayowaka miaka mia. Wauza mafuta wakubwa hawaitaki, wamepenyeza wahujumu ndani ya kituo na hakuna anayewajua. Bi Radi anapokewa, anapewa chai, mkurugenzi anamtembeza chumba kwa chumba. Ghafla taa zinazimika. Mtu ametia maji kwenye dizeli ya jenereta, friza zinayeyuka, utafiti wa miaka kumi unageuka tope. Picha ya mwisho ni mkono gizani, umeshika mzigo wa funguo na dumu la njano. Mkono hauna kidole cha mwisho. Itaendelea.

Bibi, mkono ule ni wa shemeji yangu. Amemuoa dada yangu mkubwa, ni mlinzi wa usiku kwenye taasisi moja hapa mjini, sitaitaja. Kidole chake cha mwisho kilikatwa na mashine ya kusaga akiwa mdogo. Ijumaa huwa nakula kwao, na yeye akishiba anasimulia mambo ya lindoni: friza ziko ngapi, jenereta inavyojiwasha yenyewe umeme ukikatika, daftari la mafuta linavyojazwa, bosi anavyotokea usiku wa manane kukagua. Nilichukua vyote nikaviweka kwenye katuni. Niliona kama ninampa heshima.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kazini kwake dizeli imekuwa ikipungua kwa miezi. Mfanyakazi mmoja aliikuta sehemu ya saba kwenye simu ya mwanawe, akamtumia mwenzake, ikafika kwa bosi. Bosi akamwita shemeji, akaiweka simu mezani akamuuliza, "Huu mkono ni wa nani?" Sasa amepewa barua ajieleze ndani ya siku tano, naye anasema haandiki chochote. Mimi salamu yangu haitiki. Dada alinipigia analia, akaniuliza, "Umemuuza mume wangu kwa mia tano?"

Na huku wasomaji wananisumbua kila siku wanataka sehemu ya nane. Nimeshaichora. Humo mlinzi ndiye mhujumu, Bi Radi anamkamata. Nimeificha chini ya godoro. Mama anasema nichome daftari lote. Rafiki zangu wanasema nisimwombe mtu msamaha kwa sababu ni hadithi tu, Bi Radi haombi radhi. Mimi nafikiria niende mwenyewe kwa bosi nikamweleze. Bibi, nifanyeje?

Wako mjukuu, Mchoraji wa Kigoma.

Nb. Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa pili nililala kwao, usiku nikaenda jikoni kunywa maji nikaona dumu la njano chini ya meza, linanuka dizeli. Nilinyamaza. Labda halikuwa na maana yoyote.

*

Marahaba, mjukuu wangu. Mwakeye, kama mnavyosalimiana huko, ingawa mimi Mnyamwezi wa Tabora Kiha changu kinaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kuanzia juu kwenda chini, mara ya pili kuanzia chini kwenda juu, maana barua yenyewe iko kwenye Nb. Hayo mengine yote ni kifuniko cha sufuria.

Unaniambia ulichukua mkono wa shemeji kwa heshima. Mkono wa mtu una vidole vitano, na kalamu ikiachiwa ijiendee itachora vitano. Ili uchore vinne lazima usimame, ufikiri, uamue. Tena hukumpa dumu jekundu wala la bluu, ulimpa la njano. Uliliona jikoni mwezi wa pili, likakukaa kooni, ukashindwa kumuuliza mwenye nyumba aliyekulisha. Ukaenda kuliuliza kwenye karatasi, mbele ya mji mzima. Sikulaumu kwa kuogopa. Kumuuliza mume wa dada yako habari za wizi si jambo dogo, na sahani zenyewe za Ijumaa bado zina pilau. Lakini usinieleze kwamba ni bahati mbaya.

Sasa hebu tulitazame hilo dumu. Lilikuwa chini ya meza, linanuka dizeli. Basi. Hukuona likijazwa, hukuona likiuzwa, hukujua ni la nani. Mji wa bandari kama wenu, wenye boti na mashine za kusaga, madumu yanayonuka dizeli yako kwenye nyumba ngapi? Huenda ameiba. Huenda amemtunzia mtu wa boti. Huenda aliliokota tupu lindoni akaleta la kuchotea maji, na harufu ya dizeli, anayeijua anajua, haitoki hata ulioshe kwa majivu wiki nzima. Wewe hujui, mimi sijui, na bosi hajui. Tofauti ni kwamba bosi sasa anadhani anajua, na amesaidiwa na mchoro wako.

Neno hilo la mhujumu, mjukuu wangu, ninyi mnalitumia kama pambo la hadithi. Sisi tulilisikia redioni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, sheria yake ikapitishwa mwaka huohuo, na baraza maalumu likaundwa kusikiliza kesi. Bidhaa zilikuwa hazipatikani, na waliozificha walikuwepo kweli, sitaki mtu aniambie hawakuwepo. Nakumbuka asubuhi moja mtaro wa mtaa wetu ulitoa povu mpaka jua likapanda. Mtu alikuwa amemwaga sabuni ya unga usiku kwa kuogopa msako. Watoto walicheza mle wakarudi nyumbani wasafi kuliko walivyotoka.

Lakini mtaa huohuo alikuwepo fundi cherehani mmoja aliyekuwa na vitenge doti sita, vya wateja. Jirani waliyegombana naye kwa ajili ya ukuta akataja jina lake. Alichukuliwa, akakaa wiki kadhaa, akaachiwa bila kesi. Sheria ile ya 1983 nayo haikukaa, mwaka uliofuata ilibadilishwa ikaja nyingine. Jina la fundi halikubadilishwa. Watoto walikuwa wakipita mlangoni kwake wanaimba "mhujumu, mhujumu" mpaka akahama. Na jirani yule alikuwa mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Wewe una kopi na una WhatsApp.

Kwa hiyo la kwanza ni kwenda kwa shemeji yako. Nenda mwenyewe, usimtumie dada. Kumfanya dada awe posta kati ya mumewe na nduguye ni kumpasua katikati, na ameshapasuka vya kutosha. Usiende na mama pia, mbele ya mkwewe atakubali kila kitu kwa adabu na hamtakuwa mmeongea. Mlinzi wa usiku analala mchana, kwa hiyo nenda alasiri, ameamka, ameoga, hajavaa sare. Chukua migebuka miwili. Usichukue kumi, zawadi kubwa inanuka hatia kuliko hilo dumu linavyonuka dizeli.

Ukikaa, usianze na "kama nimekukosea". Hakuna kama. Mwambie: "Shemeji, ule mkono ni wako. Niliuchukua bila kukuomba, na umekuletea matatizo kazini. Nisamehe." Halafu nyamaza. Atafoka, mwache afoke, na akitaja mia tano usianze kumweleza gharama za kopi. Akimaliza, ndipo umuulize lile ulilopaswa kumuuliza mwezi wa pili: "Usiku ule niliona dumu jikoni. Limenisumbua. Nataka kusikia kutoka kwako."

Akikueleza jambo linaloingia akilini, lipokee, na usiende kulichunguza kwa majirani. Akikufukuza, ondoka, utarudi wiki nyingine. Akikwambia ndiyo, nilichukua, hapo utakuwa umebeba mzigo mzito kweli. Sikutumi kwa bosi wake. Mwambie tu kwamba dada lazima alisikie kutoka kinywani mwake, na kwamba wewe hutaandika uongo kumwokoa. Wengine watasema nimekosea hapa, kwamba wizi ni wizi na uripotiwe. Ni sawa, lakini mtu akiri kwanza mwenyewe, ana siku tano na barua mkononi.

Hiyo barua aijibu. Hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa gazeti haliniruhusu. Watu wengi wakiandikiwa barua ya kujieleza wanaona kukaa kimya ni heshima. Kazini kimya kinasomwa kama kukubali. Aandike kifupi: zamu zake zilikuwa siku zipi, funguo nyingine ziko kwa nani, daftari la mafuta linajazwa na nani, na kwamba katuni imechorwa na ndugu wa mkewe na ni ya kubuni. Abaki na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Akiitwa kwenye kikao cha nidhamu ana haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akifukuzwa akaona ameonewa, anapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, ndani ya siku 30. Siku 30 zinapita haraka kwa mtu mwenye hasira, kwa hiyo amwambie mkewe azihesabu.

Bila shaka bosi atamuuliza pia ni kwa nini mambo ya friza na funguo yanasimuliwa mezani. Hapo shemeji hana pa kukimbilia. Mlinzi hasimulii lindo. Akubali kosa hilo moja, ni dogo kuliko wizi, na mtu anayekubali dogo lililo kweli husikilizwa akikataa kubwa lisilo kweli.

Wewe kwa bosi usiende. Utaingia pale na ulimi wako huo wa kusimulia, ukiulizwa swali la tatu utataja dumu. Andika karatasi moja: jina lako, kwamba wewe ndiye uliyechora, lini ulichora, na kwamba mambo ya hadithi umeyabuni. Tia sahihi, mpe shemeji. Ataamua mwenyewe kuiambatanisha au kuichana. Usiandike "shemeji yangu hana hatia", hilo hulijui. Andika habari za mchoro tu.

Haya, tuje kwa Bi Radi, maana najua moyo wako uko huko. Rafiki zako wanasema Bi Radi haombi radhi. Sawa, yeye ni wa karatasi, hana dada.

Daftari usilichome. Mama amesema kwa uchungu. Sehemu ya nane kama ilivyo ibaki chini ya godoro, na steshenari waambie wasitoe tena kopi ya sehemu ya saba mpaka uurudishe mkono vidole vitano. Usitoe lile tangazo la "hadithi hii haimhusu mtu yeyote". Ukilitoa tu, mji mzima utaanza kutafuta ni nani.

Halafu, nikuambie ukweli kama msomaji, mwisho wako ni dhaifu. Mlinzi ndiye mhujumu! Kila mtu alishajua. Kitu kikipotea popote huanza kuulizwa mwenye funguo na mwenye fagio, basi hadithi yako imesema kilekile ambacho bosi yeyote angesema bila kuchora. Na wewe unaishi karibu na hadithi bora zaidi ya hujuma, iko majini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa meli na treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapo na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 ilizamishwa karibu na mdomo wa Malagarasi. Nani aliyeizamisha? Wajerumani wenyewe, wasije maadui wakaichukua. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzitonzito. Ikakaa chini ya maji, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mitambo ikakutwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mhujumu anayepaka grisi, mjukuu wangu! Anaizamisha kazi ya mikono yake na papo hapo anaitunza. Huyo ningemlipia hata elfu moja. Kwenye kituo chako cha siri anaweza kuwa mkurugenzi yuleyule anayemtembeza Bi Radi chumba kwa chumba na kummiminia chai.

Jingine linalonisumbua ni kwamba Bi Radi ni mgeni pale. Amefika asubuhi, jioni ameshajua kila kitu. Mgeni hajui jenereta ikiwa nzima inalia vipi, atajuaje kwamba leo inalia vibaya? Muulize mzee yeyote wa vijiji vya karibu na Gombe habari za Mei 1975. Watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, wakavamia kituo cha utafiti wa sokwe, wakateka wanafunzi wanne. Waliachiwa baadaye, baada ya mazungumzo marefu, na watafiti wa kigeni wakaondolewa. Kituo kingeweza kufa hapo. Waliobaki ni Watanzania waliokuwa wasaidizi pale, wakaendelea kupanda vilima kila siku kuwafuata sokwe na kuandika walichokiona. Stelingi hakutokea. Mpe Bi Radi mtu wa namna hiyo wa kumsikiliza, na ukitaka awe mlinzi, awe mlinzi, ila muombe shemeji ruhusa kwanza.

Na kitu cha mwisho, kidogo. Kwenye ofisi ya mkurugenzi, dirishani, umemchora kuhe mkubwa anapita. Umemchora vizuri, mpaka magamba. Lakini umesema kituo kiko mita 600 chini, na Tanganyika ukishapita kama mita 200 maji hayana oksijeni, hapiti kuhe wala dagaa. Mfute. Liache dirisha jeusi tii, na Bi Radi aulize kwa nini hawa watu walijenga dirisha mahali pasipo na cha kuona.

Ukitoa sehemu ya nane, mia tano yangu nitaituma kwa simu. Usinipe ya bure.